Fundi anataka kung'oa madirisha yote ya zamani, nimkubalie?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunakarabati nyumba ya zamani sana, ipo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Madirisha ni ya mbao na yamechoka, upepo unapita, mawili hayafunguki kabisa. Fundi anasema tutoe yote tuweke alumini ya vioo viwili kazi iishe, ila roho yangu inasita. Mnanishauri nini?

JIBU: Dada, mwambie fundi asubiri kwanza. Nyumba ikiwa kwenye orodha sio nyie tu mnaoamua, nchi nyingi lazima upate kibali ndo uguse madirisha, na ukiweka alumini kimyakimya unaweza kuamriwa uitoe kwa hela yako mwenyewe.

Alafu chukua bisibisi uanzie chini. Maji yanatuama kwenye ubao wa chini wa fremu na kwenye pembe zake, huko ndo mbao inaanza kuoza, we idunge taratibu kwa hiyo bisibisi, ikizama bila nguvu pameoza, ikigoma mbao bado nzima. Mara nyingi utakuta palipooza ni padogo tu, seremala anayejua kazi anakata pale pabovu anaunga kipande cha mbao ya aina ileile na dirisha linadumu miaka mingine mingi. Mbao nyingi za enzi hizo zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, ni nzito, mistari yake imebanana, kuipata sa hivi ni shida kwakweli, inaniuma sana nikiona imetupwa kwenye kifusi.

Hayo mawili yasiyofunguka yawezekana yamegandishwa na rangi tu, imepakwa juu ya rangi miaka na miaka. Lakini tafadhali sana msipige msasa mkavu! Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, kwa watoto na wajawazito ndo hatari zaidi. Pimeni rangi kwanza, mkwangue ikiwa imeloweshwa, na watoto wasikae humo.

Upepo nao unapita kwenye nyufa, toa puti (ule udongo unaoshikilia kioo kwenye fremu) iliyopasuka weka mpya, ziba pembeni kwa mpira, na kama bado haitoshi ongeza dirisha la pili kwa ndani, la zamani libaki palepale. Vile vioo viwili vya kisasa vimezibwa pembeni, kizibo kikichoka unyevu unaingia katikati unakuwa ukungu usiofutika, hapo unabadilisha kioo chote, wakati hiki cha puti kikivunjika unaweka kingine yameisha. Na kama vioo vyenu vina mawimbi vitunzeni, maana vya sasa vinamiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, teknolojia ya miaka ya 1950, vinatoka vimenyooka kabisa.

Yale yaliyokufa kabisa yachongwe upya kwa mbao, seremala achukue vipimo kwenye dirisha ambalo bado ni zima, hasa unene wa vile vijiti vinavyogawa vioo, vikinenepa kidogo tu sura ya nyumba inabadilika.