Ukitaka kuona mbio za baiskeli Ubelgiji, anzia kijijini

Mwaka wangu wa kwanza kuishi Ghent nilikwenda kwenye kilima cha Oude Kwaremont kuangalia Ronde van Vlaanderen, mbio kubwa za Flanders, eneo la Ubelgiji linaloongea Kiholanzi. Nilifika saa saba mchana nikidhani nimewahi. Nilichoambulia ni migongo ya watu. Msafara ulipopita nikasikia minyororo inavyogongagonga juu ya barabara ya mawe, nikaona helmeti tatu, basi. Ng'ambo ya uzio, kwenye mahema ya waliolipia, watu walikuwa na glasi mkononi na nafasi tele.

Nikarudi nyumbani nimeshahukumu: mchezo huu sasa ni wa wenye nazo. Jirani yangu, mzee Mflemi (mtu wa Flanders) aliyewahi kushindana ujanani, alinicheka. "Umeanzia mwisho," akaniambia.

Alikuwa sahihi. Ronde ilianza 1913 na haijapungukiwa watu. Ila tangu 2012, ilipohamishia mwisho wake Oudenaarde, wanaume hupanda Oude Kwaremont mara tatu. Hiyo ni hesabu ya biashara: mgeni aliyelipa anawaona mara tatu bila kunyanyuka. Kilichonyong'onyea ni kermiskoers, mbio za sherehe ya kijiji, ambazo zamani hata mabingwa walizishiriki. Bima na polisi ni gharama, barabara zimejaa matuta na vipilefti, na wanaojitolea kulinda njia panda wanazeeka.

Kwa hiyo ushauri wangu: nenda huko. Hulipi chochote, na wakimbiaji wanazunguka kijiji hichohicho mara kumi na zaidi, kwa hiyo ukikosa sura zao mara ya kwanza, subiri kidogo. Simama kwenye kona, karibu na kibanda cha chipsi. Mara ya kwanza nilisimama jirani na mzee aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja, bango lake la duara jekundu na jeupe likiwa mapajani. Kila baada ya dakika kumi na kitu alinyanyuka, akajinyoosha kiuno, akafunga barabara, akaketi tena. Aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Tanzania. "Aa, kama Girmay!" Nikamweleza kuwa Biniam Girmay, mwendesha baiskeli huyo, ni Mwaeritrea. Hakujali hata kidogo. Alikwishaanza kunisimulia mbio za Gent-Wevelgem za 2022, namna kijana yule alivyowapiku wenzake mwishoni, kisha jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, ya Tour de France 2024. Nusu ya mkate wake nikala mimi.

Jambo moja dogo: barabarani utagawiwa bendera ya njano yenye simba. Mtazame simba kabla hujaipunga. Mwenye ulimi na kucha nyekundu ni wa bendera rasmi ya Flanders. Aliye mweusi mtupu ni wa wanaotaka Flanders ijitenge, na wewe hukuja kwa siasa.

Ronde bado naiendea, lakini sasa nakuwa Paterberg, kilima kingine cha njiani, asubuhi mapema, na kiti changu na chai kwenye chupa.

Kijijini nilirudi kiangazi kilichofuata. Mzee yuleyule, kona ileile. Alipobanwa na haja akanikabidhi bango. Nilifunga barabara mapema mno, na dereva wa gari la mikate akanipigia honi mpaka msafara ukatokea.