Watu wa Milimani Unaotaka Kuwabuni: Jibu la Shangazi kutoka Wallis

Mwanangu,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unasema unaandika riwaya ya kifantasia juu ya taifa linaloishi kwenye milima ya theluji, na kwa kuwa shangazi yako amekaa miaka kumi na mmoja katika jimbo la Wallis, kusini mwa Uswisi, unataka nikueleze mila za watu wa huku ili wahusika wako wasije wakaonekana kama wanasesere. Pembeni, kwa adabu yako ya siku zote, umeuliza pia kama ninaishi vizuri na kama wenyeji wananipenda. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu jibu lake limetoka mahali pamoja.

Picha uliyoniambatanishia, ya kiumbe mwenye uso wa mbao uliopinda, meno ya ng'ombe, ngozi za mbuzi mgongoni na kengele kubwa kiunoni, ni ya Tschäggättä wa bonde la Lötschental. Hutokea mwanzoni mwa Februari na kuendelea hadi Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, wakikimbiza watu barabarani na kuwapaka theluji usoni. Zamani waliovaa hivyo walikuwa vijana wa kiume ambao hawajaoa. Naelewa kwa nini umevutiwa, maana hata mimi mwaka wa kwanza nilijifungia ndani. Lakini nakusihi usianze na kinyago. Kila anayebuni watu wa milimani huanza na kinyago, kisha anakwama, kwa sababu hajui watu hao wanakula nini wala nani kati yao ana haki ya kuchunga wapi.

Anza na maji. Ungedhani nchi yenye barafu juu ya kila kilele haiwezi kukosa maji, lakini Wallis imezingirwa na safu za milima zinazozuia mvua pande zote mbili, na ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi za Uswisi. Majani ya mifugo hayaoti bila kumwagiliwa. Kwa hiyo tangu karne nyingi zilizopita watu wa huku walichimba mifereji wanayoiita Suonen, inayochukua maji chini ya barafu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye mashamba ya nyasi. Ukiiona, utakumbuka mifongo ya Kilimanjaro, ila huku palipokuwa na jabali lisilochimbika walitundika mifereji ya mbao kwenye ukuta wa jabali hilo, na waliokwenda kuitengeneza walijua kwamba huenda mmoja wao asirudi. Desemba 2023 umwagiliaji huu wa jadi, pamoja na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na mengi ya haya nimeyasikia nikiwa nimeshika beseni la kuoshea miguu. Mzee mmoja alinieleza habari ya nyundo ya maji. Ndani ya mfereji huwekwa gurudumu dogo linalozungushwa na maji, na kila likizunguka linainua nyundo ya mbao na kuiachia igonge ubao: ko, ko, ko, usiku kucha. Mlinzi wa mfereji alilala fofofo nyundo ikigonga, na aliamka pale ilipokoma, kwa kuwa ukimya ulimaanisha mfereji umebomoka mahali fulani na maji yanamwagika bondeni. Mzee huyo hadi leo hulala vibaya chumba kikiwa kimya. Tumemwekea saa ya ukutani yenye mlio, ingawa kanuni za nyumba hazikupenda sana.

Maji hayo yaligawanywa kwa zamu, na haki ya kila ukoo ilichongwa kwenye kijiti cha mbao kiitwacho Tessel: upande mmoja alama ya familia, upande mwingine mikato inayoonyesha ni saa ngapi za maji zinawahusu. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma. Ukimpa mhusika wako kijiti kama hicho, kisha ukamfanya akipoteze, utakuwa na sura tatu za riwaya bila kuhitaji joka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika kijiji cha Törbel, kisichokuwa mbali na hapa, ipo kanuni ya mwaka 1517 inayosema kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kupeleka malishoni, kule juu, ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha kwa majani yake mwenyewe wakati wa baridi. Kanuni hiyo fupi ilizuia tajiri asinunue kundi la ng'ombe wakati wa joto akamaliza nyasi za wote. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliitumia Törbel kama mfano wa watu waliotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kuiharibu. Husifiwa sana, na kwa haki. Ila ipo hati nyingine ya kijiji hicho hicho, ya mwaka 1483, ambayo husifiwa kidogo zaidi. Inasema kwamba mgeni akinunua ardhi hapa, ununuzi huo haumpi haki yoyote katika malisho wala msitu wa kijiji.

Hizo hati mbili, mwanangu, ndiyo maisha yangu ya huku. Mkono unaogawana maji kwa uaminifu wa kushangaza ndio huo huo unaohesabu nani yumo na nani hayumo. Hata leo pasipoti ya Mswisi haiandiki mahali alipozaliwa. Huandika kijiji cha asili ya ukoo wake, hata kama yeye hajawahi kukanyaga huko. Uraia huombwa kwa ngazi tatu, yaani kijiji, jimbo na shirikisho, baada ya kuishi nchini miaka 10 na kuwa na kibali cha kudumu. Bado sijaomba. Kijerumani changu cha darasani kinatosha ofisini, lakini wenyeji huzungumza lahaja ambayo hata Waswisi wa Zurich hulalamika kwamba hawaielewi, na miaka miwili ya kwanza nilikuwa nacheka wengine wakicheka, kisha nikienda nyumbani nakaa kimya.

Sitakudanganya kwamba nilitukanwa. Walinisalimu kila asubuhi, wote, bila kukosa, kwa sababu hapa kumpita mtu njiani bila salamu ni utovu wa adabu kama kwetu. Lakini kwa miaka mitatu hakuna aliyesema karibu ndani. Jumapili moja nilianika nguo nje, na jirani, mama mtu mzima, akaja kunieleza kwa upole kwamba siku hiyo haianikwi nguo. Akaondoka bila kuketi. Nililia siku hiyo kwa sababu ya ile kutoketi, wala si kwa sababu ya nguo.

Usije hata hivyo ukawaandika kama watu wa mawe. Wao wenyewe walikuwa maskini wa kuhama. Kwa vizazi vingi vijana wa mabonde haya walikwenda kuwa askari wa kulipwa wa wafalme wa Ufaransa na Napoli, hadi Uswisi ilipopiga marufuku kazi hiyo mwaka 1859, na wengine walivuka bahari kwenda Argentina. Huko Lötschental, katika maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, wanaume bado huisindikiza Sakramenti wakiwa na sare nyekundu za majeshi hayo ya kigeni. Ni sare za ughaibuni, zimegeuka vazi la ibada nyumbani. Nilipozitazama mara ya kwanza niliwaza ni nini cha kwangu kitakachovaliwa na wajukuu, na sikupata jibu.

Na mlima haujawaacha. Mei 28, 2025, barafuto la Birch liliporomoka pamoja na mawe na kukifunika karibu kijiji chote cha Blatten, huko huko Lötschental. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, pamoja na mifugo yao. Ng'ombe mmoja aliyeumia alibebwa kwa helikopta. Mtu mmoja alikufa. Wiki hiyo kazini kwetu wazee hawakutaka redio izimwe hata wakati wa chakula.

Mwaka wa nne nilisikia tangazo la msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfereji wa kijiji, nikaenda na koleo bila kualikwa. Tulitoa matope na matawi kutwa nzima. Saa ya kula, yule mama jirani alisogea kwenye gogo ili nikae. Akaniita du, ile "wewe" ya watu wanaojuana, nami nikamjibu vivyo hivyo. Tangu hapo nimekwenda kila mwaka, ingawa maji yale si yangu na sina hata bustani.

Jumatatu iliyofuata msaragambo ule wa kwanza nilirudi kazini viganja vimechubuka. Yule mzee wa nyundo alinitazama mikono, asiulize kama inauma. Aliuliza maji yalifika saa ngapi kwenye lango la tatu. Nikamwambia saa tisa alasiri.

"Mmechelewa," akasema.