Maswali na Majibu: Selimundu, Uloto na Dawa Inayoogopwa Bure

Maswali mengi yaliyoletwa mwezi huu yamehusu magonjwa ya damu ya kurithi, na hasa selimundu, ambamo chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Nimechagua machache ambayo majibu yake yatawafaa pia wengine waliouliza mambo yanayofanana. Kwa kifupi, AA ni aliyerithi himoglobini ya kawaida (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa wazazi wote wawili, AS ni aliyerithi himoglobini S, yaani ile ya selimundu, kwa mzazi mmoja tu, na SS, aliyeirithi kwa wote wawili, ndiye mgonjwa.

Mimi ni kundi O, mchumba wangu ni kundi A. Je, tunaweza kuzaa mtoto mwenye selimundu? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili haliishi kuja, na jibu halijabadilika: kundi la damu halihusiani kabisa na selimundu. Kinachotakiwa kupimwa ni aina ya himoglobini, tena kwa nyinyi wawili. Ulizeni pia mnapimwa kwa njia gani, kwa sababu kile kipimo cha haraka, ambacho tone la damu huchanganywa na kemikali kisha chembe zikatazamwa kwa darubini kama zinajikunja, huonyesha tu kuwa himoglobini S ipo. Hakiwezi kusema kama mtu ni AS au SS. Kinachotofautisha ni elektroforesisi au mashine nyingine ya kutenganisha himoglobini. Nimewahi kuletewa cheti kilichoandikwa neno moja tu, "chanya", ambacho kilitosha kuvunja uchumba wa watu wawili, ilhali yule wa pili hakuwa amepimwa hata mara moja.

Mtoto wetu wa kwanza ana SS. Tuliambiwa ni mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana. Kila mimba ina hatari ileile ya robo.

Tunafundishwa kuwa selimundu inakinga malaria. Mbona watoto wenye selimundu wanakufa kwa malaria? (Mwalimu, Kilifi)

Kwa sababu anayekingwa ni AS, na kinga yake ni dhidi ya malaria kali. SS hakingwi kwa namna ya kumtosha. Habari hii ilianzia karibu na kwenu, Mwalimu. Anthony Allison, mtafiti aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya mwaka 1949, akakuta kwamba wenye chembe zinazojikunja walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana katika nyanda za juu ambako mbu wa malaria hawastawi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo iliyokibakiza kinasaba cha selimundu, kwani waliorithi kwa mzazi mmoja tu walinusurika zaidi utotoni. Mtoto wa SS, kwa upande wake, tayari ana upungufu wa damu. Malaria ikimwingia huharibu hata zile chembe chache alizo nazo. Kwa hiyo chandarua na dawa ya kuzuia malaria anavihitaji kuliko watoto wenzake, na anayewaambia wazazi kwamba mtoto wao "ana kinga" anawapoteza.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka minne, ameandikiwa haidroksiyurea. Mama mkwe anasema ni dawa ya saratani na itamfanya awe tasa, afadhali tuendelee na mizizi. Nifanye nini? (Mama, Mwanza)

Marahaba. Mama mkwe hajakosea kusema kwamba dawa hii hutumika kwa baadhi ya saratani, lakini hilo si sababu ya kuikataa. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aligundua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui miezi ya mwanzo, akahisi kwamba wanalindwa na himoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo baadaye hupungua. Haidroksiyurea huufanya uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, urudie kutengeneza himoglobini hiyo. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa hupunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima, lakini huku kwetu wengi waliendelea kuhofu kwamba ingewadhuru watoto wanaoishi penye malaria na utapiamlo.

Hofu hiyo ilijibiwa mwaka 2019, yalipochapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606 wenye umri wa mwaka 1 hadi 10. Walipotumia dawa, maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulishuka hadi karibu theluthi moja ya kiwango cha awali, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua kwa nusu. Sijaona mzizi wowote uliopimwa hivyo.

Kuhusu utasa, kwa wanaume watu wazima dawa inaweza kupunguza mbegu, na ugonjwa wenyewe hupunguza pia. Ni jambo la kuzungumza na daktari kijana atakapofika balehe, si sababu ya kumwacha mtoto wa miaka minne alie usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kinachohitaji uangalifu ni kipimo cha hesabu ya damu, kwa maana dozi ikizidi chembe nyeupe hushuka. Usiruke siku za kupima, usiigawe dawa kwa mtoto wa jirani, na usiichanganye na mizizi. Penisilini ya asubuhi na jioni iendelee hadi atimize miaka mitano. Na ungekuja na mama mkwe kliniki siku moja, kwa heshima yake, asikie mwenyewe.

Tunataka kuuza kiwanja tumpeleke kijana wetu wa miaka 19 India kupandikizwa uloto. Au tusubiri tiba ya vinasaba?

Msiuze kitu kabla ya kuwapima ndugu zake wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi ya robo tu ya kulingana naye kwa aina ya tishu, na matokeo mazuri zaidi hupatikana kwa watoto wadogo waliopata uloto wa ndugu anayelingana. Huduma hii imekwisha kuanza Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa hiyo ulizieni huko kwanza badala ya kumsikiliza dalali wa safari za matibabu. Tiba mbili za vinasaba ziliidhinishwa Marekani Desemba 2023. Moja ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na zote mbili zinataka uloto wa mgonjwa uharibiwe kwanza kwa dawa kali. Ni kazi kubwa ya sayansi, lakini si mpango wa familia inayouza kiwanja. Nawauliza mimi: je, kijana ameshawahi kutumia haidroksiyurea ipasavyo?

Mtoto wa mdogo wangu anaongezewa damu mara kwa mara, ni mfupi, na kidole gumba kimoja ni kidogo mno. Vipimo vya selimundu ni AA. Wazazi wake ni binamu. (Msomaji, Mombasa)

Maelezo kamili namna hii ni nadra, na ninashukuru. Muulizeni daktari bingwa wa damu kuhusu anemia ya Fanconi, ambayo Guido Fanconi wa Uswisi aliieleza mwaka 1927 kwa ndugu watatu wa familia moja. Uloto hushindwa taratibu kutengeneza chembe zote, na kipimo chake huangalia jinsi kromosomu zinavyovunjika. Ugonjwa huu utambulike mapema, kwa sababu wagonjwa hawa hawastahimili dozi za kawaida za dawa za kuandaa upandikizaji. Upandikizaji wa kwanza duniani wa damu ya kitovu, uliofanywa Paris mwaka 1988, ulimhusu mtoto wa Fanconi aliyepewa damu ya mdogo wake wa kike. Binamu wanapooana, vinasaba vya namna hii hukutana kwa urahisi zaidi. Wazee wa pwani wanaopanga ndoa hizo wanapaswa kulijua.

Mwanangu wa SS ana homa tangu jana. Nimpe panadoli nisubiri Jumatatu?

Swali hili lilipaswa kuulizwa mlangoni mwa hospitali. Homa ya nyuzi 38.5 na kuendelea ni safari ya siku hiyohiyo, kwa kuwa wengu lake halimlindi tena na bakteria, na anaweza kuhitaji antibiotiki ya mshipa ndani ya saa chache. Mkiwa huko mwombeni muuguzi awafundishe kupapasa chini ya mbavu za kushoto. Wengu likivimba ghafla na viganja vya mtoto vikapauka, msingoje hata usafiri wa bei nafuu.