Mzigo umefika, mwenyewe bado yuko njiani

Ndugu uliyeuliza kama kuwapeleka wafanyakazi wako sita mlimani kuna faida kazini au ni kuchoma pesa tu, nitakujibu kwa niliyopitia. Mimi Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, sikuipanda kwa starehe. Kati ya 2014 na 2017 nilikuwa mpagazi pale Kibati, safari ya kupanda ilikoanzia. Leo nasimamia depo ya saruji na unga hapa Goma.

Safari yangu ya kwanza niliharibu. Kilele kiko mita 3,470, na kutoka Kibati ni saa tano hivi za kupanda, sehemu kubwa juu ya makoro, yale mawe ya lava, yanayoviringika chini ya mguu. Nilikuwa kijana, nikataka waone nguvu zangu. Nikawapita wote, hata Shaheru, mahali pa kupumzikia njiani, wenzangu walipokaa mimi nikaunganisha. Nikafika kwenye vibanda vya juu wa kwanza, nikakaa najisifu. Mvua ikaanza. Saa nzima ikapita ndipo akatokea mama mmoja mgeni, ameloa chepechepe, anatetemeka hata zipu inamshinda. Koti lake lilikuwa wapi? Kwenye mzigo wangu, kavu kabisa. Mkubwa wetu wa wapagazi hakunigombeza. Alisema tu, “Umebeba mzigo, umemwacha mwenye mzigo.” Bakshishi sikupata, wala sikuiulizia.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuangalia jinsi mstari ulivyopangwa. Askari wa hifadhi mmoja mbele, mwenzake alifunga nyuma, na mwenye pumzi fupi aliwekwa mgongoni mwa yule wa mbele. Huyo mwenye pumzi fupi ndiye aliyepanga mwendo. Wenye miguu myepesi walinung'unika nusu saa ya kwanza, halafu wakazoea.

Nilidhani nimeelewa. Miaka kadhaa baadaye nikalirudia kosa lilelile nikiwa nimevaa shati la pasi. Tulikuwa na saruji ya kwenda Bukavu kwa boti. Nikawahimiza vijana, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikapiga safari tangu alfajiri, saa mbili asubuhi mifuko yote iko bandarini. Karatasi je? Bado ziko depo kwa papa wetu, mzee wa hesabu, anayehesabu mfuko kwa mfuko na kuandika kwa mkono. Boti ikaondoka. Saruji ikalala bandarini chini ya turubai lenye matundu, na mvua za huku unazijua.

Sasa papa anaanza yeye. Hakuna mfuko unaotoka kabla hajafunga daftari, na vijana wawili wamepewa kazi ya kumsomea hesabu ili asiinuke kila mara. Tangu hapo boti imetuacha mara moja tu, na siku hiyo kosa lilikuwa la boti.

Kuna na hili la kurudi. Nimeona mtu aliyelipa dola 300 za kibali akirudishwa kutoka Shaheru kwa sababu kichwa kilimuuma na alikuwa anatapika. Alibembeleza, akakasirika, askari hakubishana naye, akamteremsha. Kazini bado sijaweza. Nikishaingiza pesa kwenye biashara mbovu naendelea kuingiza tu.

Ila nikwambie ukweli: kama mishahara ya watu wako inachelewa, usiwapeleke popote. Sehemu moja niliyofanya kazi walitupeleka matembezi ziwani, wakatuvalisha fulana mpya, tukiwa tunadai miezi miwili. Mtumbwi mzima mazungumzo yalikuwa hayo.

Na si lazima iwe volkano, ambayo ilifungwa kwa wapandaji ilipolipuka Mei 2021. Jumapili asubuhi panda nao Mont Goma, hapa hapa mjini. Wape gunia moja la viazi la wote, usiseme nani alibebe. Wewe kaa nyuma kabisa, uangalie nani anageuka kutazama waliobaki.