Hatukufungiwa ndani, lakini vipigo vilikuwepo: niliyoyaona Kusini Unguja

Assalaam alaykum. Mwenzetu ameuliza: Zanzibar hatukufungiwa majumbani kama Ulaya, sasa hizi habari za korona kuzidisha vipigo vya wanawake na watoto majumbani zimetoka wapi? Namjibu kwa niliyoyaona, maana wakati ule nilikuwa kwenye kamati ya wanawake na watoto ya shehia yetu.

Ni kweli hapakuwa na askari wa kuturudisha ndani. António Guterres wa Umoja wa Mataifa alipoomba, Aprili 2020, mapigano yasitishwe hata majumbani, mawazo ya wengi yalikwenda kwa mwanamke aliyefungiwa mlango mmoja na anayempiga. Kwetu kilichofungwa ni riziki. Machi ile mgonjwa wa mwanzo aligundulika Zanzibar, ndege za watalii zikasimama, hoteli za Paje na Jambiani zikawarudisha watu makwao. Skuli nazo zikafungwa.

Mwanamme wa hoteli alikuwa akitoka alfajiri, akirudi usiku. Mkewe ana mwani wake na visenti vyake, na hakuna aliyemuuliza. Mshahara ulipokatika, pesa ya mwani ndiyo ikawa ya unga, ya dawa ya bibi, na ya sigara za bwana. Magomvi mengi yaliyotufikia yalianzia hapo: umeuza kilo ngapi, pesa iko wapi? Akisema amenunulia hisa kwenye kikundi cha kuweka akiba, anapigwa kofi. Msinifahamu vibaya: jirani wa huyo bwana kakosa kazi vilevile na hakumnyanyulia mtu mkono. Waliopiga, wengi wao tulikuwa tukiwajua kwa ukali tangu zamani. Sasa walikuwepo nyumbani mchana kutwa.

Na macho ya watu yakapungua. Mwalimu ndiye wa mwanzo kumuona mtoto ana alama mgongoni; skuli imefungwa, atamuona wapi? Mikutano ya hisa tuliisimamisha wenyewe kwa kuogopa maradhi. Mwanamke simu anayo, lakini mume kakaa ukumbini anasikia kila neno. Wengi tulizungumza nao pwani, maji yakitoka, wameinama kwenye mwani, kwa sababu kule waume zao hawakuwafuata. Ndiyo maana nasema, yakija maradhi mengine, kamati iwafuate wanawake walipo, isikae ofisini kwa sheha kungoja mtu aje kushtaki mbele ya wanaume watano.

Muhali nao, yaani kuoneana haya na kusitiriana, ulituumiza. Mama mmoja alitaka kushtaki, wakwe wakamsihi Ramadhani ipite kwanza. Ilipopita, alikuja na mkono umevunjika. Tukampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako pahala pamoja, hana haja ya kusimulia upya kila mlango. Alihudumiwa vizuri. Kesi ikaja kumalizwa kifamilia, jambo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza, kama una dada au jirani katika hali hiyo, usimshauri asubiri. Mpeleke hospitali kabla alama hazijapotea, na usimwache arudi peke yake. Ikiwa ni mtoto, piga 116, ni bure. Hata kama baba yake ni rafiki yako wa barazani, piga.