Keki ya kakao bila yai, maziwa wala siagi, kwenye mbabula (jiko la makaa) ya Bukavu

Swali ninaloulizwa sana kuhusu keki hii ni moja: bila yai itashikana kweli? Itashikana. Nimeioka hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka sasa. Naioka kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, ambaye akionja yai tu midomo inamvimba. Naioka kwa majirani Waadventista ambao hawagusi kitu kilichotoka kwa mnyama. Mara nyingi zaidi naioka kwa sababu mwezi umefika mwisho na plato (trei) la mayai limepanda bei tena. Mayai mengi tunayokula mjini yanavuka mpaka kutufikia, na mpaka ukisumbua, mama wa nyumba ndiye anayelipa.

Basi niseme mapema: ukiona keki ya namna hii imeharibika, usitafute kosa kwenye yai ambalo halikuwekwa. Tafuta kwenye moto na kwenye kuchelewa. Hayo mawili ndiyo yanayoharibu keki, na hayo mawili hayagharimu franga hata moja kuyarekebisha.

Upishi wenyewe si wa jana. Kule Marekani, uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, na baadaye wakati wa Vita Kuu ya Pili siagi ilipogawiwa kwa kadi, watu walioka keki za aina hii kwa vitu vilivyobaki kabatini. Kinachoinua keki ni bikaboneti (baking soda) inapokutana na siki. Vikigusana tu vinatoa gesi, povu linapanda, na ule unga unashika mapovu yale moto unapouimarisha. Mafuta nayo yanafanya kazi ya siagi, tena kwa namna moja yanaishinda: siagi ikipoa inaganda, mafuta hayagandi, kwa hiyo keki inabaki laini hata kesho yake.

Vipimo ninavyotumia ni hivi. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, kama gramu 190. Sukari kikombe kimoja kasoro kidogo, tuseme gramu 180. Kakao vijiko vinne vya mezani. Bikaboneti kijiko cha chai kasoro robo. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mafuta ya kukaangia theluthi ya kikombe, siki kijiko kimoja cha mezani, maji kikombe kimoja. Pakiti ya sukari ya vanila kama ipo. Kama haipo, usiikimbilie sokoni. Kikombe ninachosema ni cha robo lita, na ukitumia kingine, tumia hicho hicho kwa kila kitu kuanzia unga hadi maji. Unga hata ukiununua kwa Guigoz, lile kopo la maziwa wanalopimia, sokoni Kadutu, ukifika nyumbani upime upya kwa kikombe chako na uuchekeche, kwa sababu ule wa gunia lililokaa huwa umeshikana madonge.

Siki ikikosekana, kamua ndimu, kijiko kile kile kimoja. Mafuta yawe yale meupe yasiyo na harufu. Mawese nayapenda kwenye sombe (kisamvu) na maharage, lakini humu yanatawala ladha yote na kakao haisikiki tena.

Kwenye kakao nitakaa kidogo, maana ndicho kitu pekee cha bei humu ndani na ndicho wengi wanachonunua vibaya. Dukani kuna unga wa kakao wenyewe, mchungu, usio na kitu kingine. Kando yake kuna vile vipakiti vya chokoleti ya kunywa, ambavyo kwa sehemu kubwa ni sukari, na vingi vimechanganywa na maziwa ya unga. Ukiweka hiyo ya kunywa, keki inatoka ya rangi ya mchanga, tamu kupita kiasi na haina chokoleti. Tena kwa mtu asiyekula maziwa umeshamdanganya bila kujua. Geuza kopo usome viungo. Kiwe kimoja tu kimeandikwa pale: kakao. Kopo dogo linaonekana ghali ukilishika, lakini linatoa keki kadhaa, na likifungwa vizuri mbali na mvuke wa jikoni linakaa miezi.

Na inaniuma kusema hili: kakao inalimwa kwetu. Beni na Mambasa kuna mashamba ya kakao, magunia yanapita Uganda kwenda nje, halafu sisi tunauziwa unga wake ndani ya kopo lililosafiri bahari mbili. Mutwanga, chini ya Rwenzori, wanatengeneza chokoleti kutokana na kakao ya huko huko, na ni chokoleti nzuri. Siku unga wa kakao wa nyumbani utakapojaa kwenye rafu zetu kwa bei ya nyumbani, keki hii itashuka bei kwa nusu.

Kitu kimoja tunacho bure, ama karibu na bure, na kinainua kakao kuliko vanila yoyote: kahawa. Idjwi, Kalehe na Kabare, hapa jirani, zinatoa arabika inayonunuliwa mbali. Kama asubuhi kahawa ilibaki kwenye chupa, iache ipoe kabisa, kisha itumie badala ya maji, kikombe kwa kikombe. Keki haitakuwa na ladha ya kahawa. Itakuwa na ladha ya kakao iliyoongezwa nguvu, na utaweza kupunguza kakao hadi vijiko vitatu bila mtu kugundua. Kwa watoto wadogo mimi nabaki na maji.

Sasa, kwa nini bikaboneti kasoro robo, wakati video nyingi zinasema kijiko kizima? Kwa sababu anayerekodi video yuko Mombasa ama Dar es Salaam, usawa wa bahari, na sisi tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460, na nyumba zetu nyingi zinaning'inia juu zaidi ya hapo. Huku hewa ni nyepesi, gesi inatanuka zaidi, keki inapanda mbio kabla haijaiva ndani, halafu katikati inaanguka na kubaki shimo. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayasubiri 100, kwa hiyo unyevu unatoka mapema. Dawa yake ni ndogo: punguza bikaboneti na sukari kidogo, kama nilivyokwisha kupunguza kwenye vipimo vya juu, na ongeza maji vijiko viwili vya mezani ukiona unga umekuwa mzito mno. Aliye Lubumbashi, kwenye mita 1,200 na kidogo, naye afanye hivyo hivyo. Bikaboneti ikizidi ina adhabu nyingine pia: keki inaacha ladha ya sabuni kwenye ulimi. Tena dukani sema bikaboneti. Ukisema levire tu, unaweza kupewa ile ya mkate, yaani hamira, ambayo inataka saa nzima kuumuka na hapa haifai.

Kabla hujachanganya chochote chenye maji, washa moto. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu siki ikishaigusa bikaboneti, saa imeanza kuhesabu. Gesi inayotoka ukiwa bado unapepea makala (makaa) imekwenda, hairudi. Moto uwe tayari, sufuria iwe imepata joto, chombo cha keki kiwe kimepakwa mafuta na kunyunyiziwa unga. Halafu ndipo uchanganye.

Vikavu vyote kwanza, kwenye bakuli moja, mpaka usione tena mstari mweupe wa unga ndani ya kakao. Kisha mimina mafuta, maji na siki kwa pamoja. Koroga kwa kijiko cha mti kuanzia chini kwenda juu, polepole, na uache mara tu unga mkavu unapopotea. Vidonge vidogo vikibaki, viache. Ngano ikikorogwa sana inavutika na keki inakuwa ngumu. Nguvu ya mkono tuiweke kwenye fufu, ugali wetu. Mchanganyiko unaofaa ni mzito kidogo kuliko uji wa mtoto, unang'aa, na ukiutazama kwa makini utaona vitundu vinapasuka juu yake. Ukiona vile vitundu, usipokee simu. Mimina, upeleke kwenye moto.

Mwenye oveni ya umeme, na umeme ukiwepo, aweke nyuzi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Sisi wengine tuna mbabula, na mbabula inaoka vizuri sana ukiiheshimu. Chukua sufuria kubwa nzito yenye kifuniko cha chuma kilicho bapa. Weka ndani mchanga mkavu uliooshwa, unene wa vidole viwili, ili joto lisipige chombo cha keki moja kwa moja. Asiye na mchanga aweke vijiwe vitatu vya kusimamishia chombo. Funika, weka kwenye makala, subiri dakika 15 sufuria ishike joto kote. Kisha ingiza chombo cha keki, kiwe kidogo kuliko sufuria ili hewa ya moto izunguke pembeni, ufunike tena.

Hapa sasa ndipo kazi ilipo. Punguza makala ya chini mpaka yabaki machache, na yaliyoiva, mekundu yenye majivu juu. Yanayowaka mwali yatoe. Yale uliyoyatoa, yakituliza mwali, yapange juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini, kwa duara kwenye ukingo na machache katikati. Moto wa juu ndio unaoivisha uso wa keki na kuufanya ujishike. Bila huo, chini kunaungua na juu kunabaki tope. Ukinusa harufu ya kuungua kabla ya nusu saa, moto wa chini umezidi: toa makala mawili, usiguse ya juu.

Usifunue mapema. Najua hamu inavyosumbua, hasa watoto wakiwa wamekuzunguka, lakini ukifunua dakika ya 15, baridi inaingia na katikati panakaa chini. Ngoja dakika 35. Hapo funua haraka, mbali na majivu, uchome katikati kwa kijiti kisafi. Kikitoka na tope, funika dakika 10 nyingine. Kikitoka kikavu, ama na punje mbili tatu tu zilizoshikana, imeiva. Dalili nyingine ni kingo za keki kuachana na chombo, na uso kurudi juu ukiubonyeza taratibu kwa kidole.

Na hili tafadhali, dada zangu na kaka zangu: mvua ya Bukavu inatufanya tuingize mbabula ndani. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu waliolala. Oka barazani, ama jikoni mlango na dirisha vikiwa wazi kabisa, na moto ukiisha uutoe nje kabla ya kulala.

Keki ikitoka, ipumzishe dakika 10 ndani ya chombo, ndipo uigeuze kwenye sahani. Wengi wananiambia waongeze kamaramasenge (zile ndizi ndogo tamu) iliyoiva, waiponde ndani. Inawezekana, lakini inakuwa keki ya ndizi yenye rangi ya kakao, nzito, na mimi siipendelei. Ukitaka kuipamba, chemsha vijiko vinne vya sukari, viwili vya kakao, vitatu vya maji na kimoja cha mafuta kwa dakika mbili mpaka iwe nzito, uimwage juu ingali ya moto. Msimu wa avokado, ponda moja laini kabisa na sukari na kakao mpaka isionekane kijani, uipake. Ni tamu ajabu, ila iliwe siku hiyo hiyo.

Isiyopakwa kitu inakaa siku tatu ikifunikwa, na siku ya pili ndipo kakao inapokolea. Kwa sherehe ya watu wengi, oka mbili ndogo, moja baada ya nyingine, usioke moja kubwa: kwenye mbabula keki nene inaungua kando kabla katikati hakujaiva. Ya pili ichanganye ya kwanza ikishatoka, makala yakiwa yameongezwa na kushika tena.