Kinga ya mwili hupotelea jikoni

Wimbi la pili la Korona lilipoingia Kampala mwaka 2021, limau na tangawizi zilipanda bei sokoni, na sufuria za limau zikatokota na maganda yake kutwa nzima. Tangawizi hutuliza koo, haina neno. Lakini vitamini C haipatani na moto: limau likichemka nusu saa, sehemu ya kile ulichokinunulia imeshaharibika. Chemsha tangawizi peke yake, ipua, iache ipoe hadi inywike, ndipo ukamulie limau.

Tena kuna mapera, ambayo tunawaachia ndege. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 tu kwa siku. Ziada hutoka na mkojo, kwa hiyo pera moja kila siku linashinda kikapu kizima cha Jumapili.

Mboga za majani ndizo zinazoonewa zaidi. Dodo (mchicha) na nakati hukatwa, zikalowekwa kwenye beseni, zikachemshwa mpaka zilegee, kisha maji yakamwagwa pamoja na vitamini zilizoyeyukia humo. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate. Tia maji kidogo, funika. Dakika 5 zinatosha. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini C na B1, basi yaache. Mwishoni weka kijiko cha mafuta au mchuzi wa binyebwa (njugu zilizosagwa, yaani karanga), na si kwa ajili ya ladha peke yake. Mwili hutengeneza vitamini A kutokana na dodo na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na bila mafuta kidogo utumbo haufyonzi vizuri kinachohitajika. Vitamini hiyo ndiyo inayotunza utando wa pua, koo na utumbo, na huko ndiko vijidudu vingi hupitia.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza faiteti, ambazo hukamata madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, na makaa nayo utayaokoa. Chai ina tatizo kama hilo. Anayekula kikomando (chapati na maharage) huku akishushia na chai anajinyima chuma cha maharage yake mwenyewe, kwa sababu tanini za chai hukizuia. Subiri saa moja baada ya kula. Ukikamulia limau kwenye sahani badala yake, vitamini C hukisaidia chuma kupenya.

Mukene (dagaa) ni chakula cha bei nafuu chenye zinki na chuma. Ule mzima, kichwa na miiba. Chagua uliokaushwa juu ya vichanja, kwa sababu ulioanikwa chini huja na mchanga na uchafu. Uoshe kwa maji ya vuguvugu mara 2 au 3 kabla ya kukaanga.

Hatari isiyozungumzwa vya kutosha ni sumukuvu. Njugu na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu inayoharibu ini na kudhoofisha kinga, hasa ya watoto. Kupika hakuiondoi. Binyebwa iliyokwisha kusagwa haionyeshi njugu zake zilikuwaje, kwa hiyo nakushauri ununue njugu nzima, uzimwage kwenye ungo na utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye matundu au kuvu, kisha upeleke zilizobaki kwenye kinu. Ulizozitoa usiwape kuku: sumu hiyo huwadhuru na wao.

Nje ya jikoni mambo ni machache. Lala kwa muda wa saa 7 hadi 8, ndani ya chandarua. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya mche, kianikwe kivulini. Jua kali na dawa za kung'arisha nguo humaliza dawa yake mapema. Tembea kwa mwendo wa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ukishuka kwenye boda mapema na kuumaliza mlima kwa miguu, hesabu imetimia. Waragi (pombe kali) na sigara punguza, au bora uache.

Watoto wapelekwe kituo cha afya mwezi wa Aprili na Oktoba kupata vitamini A na dawa za minyoo, maana minyoo hula kile ulichohangaika kukipika. Tangu Aprili 2025 Uganda imeanza pia kutoa chanjo ya malaria katika wilaya zenye maambukizi mengi, dozi 4: miezi 6, 7, 8 na 18. Dozi ya mwisho ndiyo rahisi kusahaulika, kwa sababu mtoto ameshaanza kukimbia na mama ameacha kuhesabu miezi.

Mafua yakikupata, usikimbilie duka la dawa kununua amoksilini. Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haiviui, inaua bakteria wema wa tumboni. Pumzika, kunywa maji ya kutosha. Lakini kikohozi kikipita wiki 2, au uzito ukishuka bila sababu, nenda kituo cha afya cha serikali ukapime kifua kikuu na VVU. Vipimo hivyo havilipiwi, na kifua kikuu kinatibika.